Mkanda wa taimingi umekatika: tutengeneze gari au tuliuze?

BARUA

Ndugu mshauri wa magari, salaam nyingi kutoka Dodoma.

Mimi ni muuguzi, mume wangu ana duka la pembejeo Kibaigwa, na tuna watoto watatu. Gari letu ni Toyota Mark II, toleo la GX110 la mwaka 2001, injini aina ya 1G-FE. Tulilinunua mwaka 2012 likitokea Japani na kilomita 104,000. Sasa limefika 187,000. Ndilo linalonirudisha nyumbani nikitoka zamu ya usiku, ndilo linalompeleka mama kliniki ya kisukari, na mwisho wa wiki linabeba mifuko ya mbegu kwenda dukani.

Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi kutoka Morogoro. Tulishaipita Gairo, mwendo kama 80, injini ikazima ghafla. Haikugonga, haikutoa moshi, mshale wa joto ulikuwa mahali pake pa siku zote. Taa za dashibodi zikawaka, usukani ukawa mzito, mume wangu akajitahidi kuliweka pembeni. Akapiga stata tena na tena. Injini ilikuwa inazunguka, tena kwa wepesi usio wa kawaida, lakini haishiki. Tukakokotwa hadi Dodoma kwa shilingi 250,000.

Fundi wa kwanza alifungua kava ya plastiki mbele ya injini, akatuonyesha mkanda wa taimingi umekatika, meno yake mengine yamenyofoka, na mle ndani kumelowa oili. Akasema valvu zote zimepinda, tumpe 1,400,000 afungue silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Fundi wa pili hakugusa kitu. Alisema injini hiyo imekufa, tuagize ya mtumba Dar kwa 2,200,000 na yeye tumlipe 350,000 ya ufundi. Rafiki wa mume wangu akaleta dalali, ambaye yuko tayari kulichukua kama lilivyo kwa 2,500,000. Gari kama letu likiwa linatembea, hapa mtaani kwetu linauzwa kwenye 7,000,000.

Mume wangu amechoka. Anasema gari la umri huo haliponi, leo mkanda, kesho gia boksi. Anataka tupokee pesa ya dalali, nichukue mkopo SACCOS kazini, tununue Toyota IST ya mkononi kwa mtu. Mimi roho inasita. Gia boksi haijawahi kutusumbua, bodi haina kutu, mbele tulibadilisha bushi na shokapu mwaka jana, oili haipungui kati ya sevisi na sevisi. Kilichokufa ni kiyoyozi, na rangi ya paa imefifia. Mkononi tuna 900,000. Kikoba changu kinavunjwa Desemba, natarajia kupata kama 1,200,000.

Jambo jingine linanichanganya. Tulipouziwa gari tuliambiwa mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwamba Wajapani walishaubadilisha. Kweli chini ya boneti kuna kibandiko cha Kijapani, kina namba 18, 5, 20, na chini yake 98,400. Kutoka hapo hadi 187,000 hata laki haijatimia. Imekuwaje ukatike?

Nisaidie kabla dalali hajarudi.

Msomaji wako, Dodoma

JIBU

Dada yangu, pole kwa kukwama njiani na familia, na pole kwa gharama. Mpe pole na shemeji. Kuchoka kwake nakuelewa, ila naomba mumzuie dalali kidogo.

Nianze na kibandiko, kwa sababu ndicho kinachoeleza gari lenu limeugua nini. Ile 18 ni mwaka. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, na enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo mwaka wa 18 wa Heisei ni 2006. Mkanda wenu ulifungwa tarehe 20 Mei 2006, gari likiwa na kilomita 98,400. Hawakuwadanganya. Wasichowaambia ni kwamba mkanda huu ni mpira uliosukwa na nyuzi ndani, nao huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto la injini huukausha, unapata nyufa, nyuzi zinadhoofika. Wenu umefanya kazi karibu miaka 20. Juu ya hapo, oili mliyoiona imevuja kwenye sili (raba za kuzuia oili) za kemshafti, mhimili wa juu unaofungua valvu, au ya krenki, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, na oili ikishaingia kwenye mpira, meno hulegea yakang'oka. Mimi kwa hali yetu ya joto na vumbi husema miaka saba, kumi kwa mbali sana, hata kilomita zikiwa chache.

Kwa hiyo injini haikuchoka. Kilichokatika ni kitu cha kubadilisha ambacho muda wake ulipita na hakuna fundi aliyewaambia. Hapo ndipo natofautiana na shemeji. Anaupima uzima wa gari kwa tukio hili, na mimi naona tukio hili halisemi lolote kuhusu gia boksi, bodi wala breki. Ungeniandikia kwamba gia inachelewa kuingia, chesesi ina kutu na injini inakula oili, ningekuambia chukueni pesa ya dalali leo hii. Umeniandikia kinyume chake.

Sasa injini yenyewe. Ina silinda sita na valvu 24, ile milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja, na mkanda ndio unaozifunga pamoja zisipoteane. Ukikatika, kemshafti inasimama papo hapo huku baadhi ya valvu zikiwa wazi, na pistoni bado zinapanda kwa kasi ya gari. Kwenye 1G-FE za zamani, zile za toleo lililotangulia, GX100, za kabla ya 1998, nafasi ilikuwepo, pistoni haikuifikia valvu. Unafunga mkanda mpya unaondoka. Mwaka 1998 Toyota waliibadilisha injini hiyo, wakaitia VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka), nguvu ikapanda kutoka farasi 140 hadi 160, na nafasi ile ikaisha. GX110 zilikuja na hiyo mpya. Ule wepesi wa kuzunguka mlipopiga stata ni dalili ya mgandamizo kutokuwepo. Fundi wa kwanza basi alihisi sawasawa kwamba kuna valvu zilizopinda. Aliponikwaza ni pale aliposema zimepinda zote, na kutaja bei, kabla hajapima hata silinda moja. Mara nyingi hupinda zile zilizokuwa wazi wakati ule tu. Zinaweza kuwa sita, zinaweza kuwa kumi na nne. Bei inabadilika hapo.

Wewe ni muuguzi, usingekubali mgonjwa aandikiwe dawa wakati maabara haijarudisha majibu. Na hapa kipimo kipo, hakihitaji kufungua hedi. Msipige stata tena. Mpeni fundi kazi ya kupima peke yake, na mumlipe kwa hiyo peke yake. Aizungushe krenki kwa spana, kwa mkono, pistoni zote zishuke chini ya usawa wa juu, ndipo ageuze kemshafti hadi alama zake zikae sawa. Fundi asiyezishusha pistoni kwanza anaweza kupinda valvu zilizopona. Kisha arudishe krenki kwenye alama, afunge mkanda wa bei nafuu wa kupimia, aizungushe injini mizunguko miwili kwa mkono. Ikigoma mahali, asilazimishe. Isipogoma, atoe plagi zote, apime mgandamizo silinda moja baada ya nyingine, na wewe uandike namba sita kwenye karatasi. Silinda nzima husoma namba zinazokaribiana. Yenye valvu iliyopinda husoma sifuri au karibu na sifuri.

Silinda itakayosoma vibaya aijaze hewa kutoka kwenye kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zikitakiwa kuwa zimefungwa, halafu asikilize. Hewa ikitokea upande wa kuingizia, valvu ya kuingizia imepinda. Ikitokea kwenye ekzosi, ni ya kutolea. Ikitokea pale mnapojazia oili, hapo nina wasiwasi, kwa sababu ni pistoni au ringi zake. Fundi mwenye kamera ndogo ya kuingiza kwenye tundu la plagi atawaonyesha na uso wa pistoni. Alama ndogo kama kucha za mwezi mwandamo ni za kawaida, valvu iligusa. Tundu au ufa, huo ni msiba mwingine.

Baada ya hapo tuhesabu. Dalali anatoa 2,500,000. Gari likitembea ni 7,000,000. Tofauti ni 4,500,000, na dalali anaijua kuliko ninyi. Ataliingiza gereji, alitengeneze, faida aiweke mfukoni. Hata kama mmeamua kuuza, tengenezeni kwanza. Ile 250,000 ya kukokota imeshakwenda, msiiweke kwenye hesabu upande wowote.

Kuhusu IST, ni gari zuri na injini yake ya 1NZ-FE haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Lakini zile IST za kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Mtaacha gari la 2001 mnalolijua kila sauti, mchukue la 2004 ambalo hamjui lilitunzwa vipi, na juu yake mkopo unaokatwa kwenye mshahara wako, dada, si kwenye duka. Na kwa mtu aliyebadilisha oili kwa kubahatisha, hata hiyo cheni hulegea ikaanza kupiga kelele. Mwambie shemeji kwamba hofu yake ya gia boksi ya kesho itamfuata hadi kwenye IST, tena hapo atakuwa na deni.

Ushauri wangu ni kufungua hedi na kutengeneza injini yenu. Injini ya mtumba naiweka ya pili. Haiji na historia. Chini ya injini yenu ni pazima kwa maelezo yako, haili oili, haijawahi kuchemsha. Hiyo ya Dar inaweza kuwa imechemka huko ilikotoka na kuoshwa kwa dizeli ing'ae. Nayo ina mkanda wake, mzee vilevile, na nimeona watu wakiifunga bila kuubadilisha, wakarudi gereji na tatizo lilelile. Tena kadi ya gari ina namba ya injini. Mkibadilisha injini lazima muende TRA kubadilisha taarifa, kwa hiyo muuzaji awape risiti ya EFD na nyaraka za ilikotoka. Asiye nazo mwacheni. Siku mtakapouza gari, au trafiki atakapofungua boneti, namba isiyolingana na kadi itawaletea maneno.

Kuna njia ya katikati ambayo mafundi wako hawakuitaja: silinda hedi ya mtumba, iliyokamilika na valvu zake. Valvu zenu zikiwa zimepinda nyingi, hii huwa nafuu kuliko kununua moja moja. Ila msiipokee kwa macho. Ilazwe kifudifudi, valvu juu na plagi zikiwa zimefungwa, vile vibakuli vya silinda vijazwe petroli, muangalie kwenye matundu ya pembeni. Kukilowa, haifungi vizuri. Kisha ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), iwe ya kwenu au ya mtumba, kabla haijapanda kwenye injini. Na fundi akikuambia atainyoosha valvu kwenye mashine arudishe, mkatalie. Valvu iliyopinda inatupwa. Ikishanyooshwa inabaki na udhaifu shingoni, na siku ikikatika kichwa kikadondoka ndani ya silinda, hapo kweli mtakuwa mmepoteza injini.

Sasa pesa, na hapa naomba unisikilize sana. Mkononi mna 900,000. Msikubali hedi ifunguliwe kwa pesa hiyo ukitegemea Desemba mtamalizia. Magari mengi ya watu yanafia gereji kwa njia hii. Injini ikikaa wazi, silinda zinashika kutu. Boliti zinapotea kwenye kopo la mtu, kemshafti inaazimwa kwenda kupimia gari jingine, betri inakufa, na ukija na pesa fundi amehama. Injini iliyofungwa inaweza kukungoja, iliyofunguliwa haingoji. Tangu Julai 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, kwa hiyo gari kukaa hadi Desemba halijengi deni la TRA. Angalieni bima yenu inaisha lini, basi.

Kwa hiyo sasa hivi fanyeni kipimo, kisha anzeni kununua vitu ambavyo vitahitajika kwa njia yoyote mtakayochagua. Mkanda mpya, Toyota halisi au wa Mitsuboshi, Bando au Gates, kutoka duka linalotoa risiti. Uwekeni umelala katika umbo lake la asili, msiukunje kuubana kwenye mfuko. Tensheni, kile kinachoukaza mkanda, na puli zake. Sili za kemshafti na ya krenki, kwa sababu mkifunga mkanda mpya na kuacha sili ile inayovuja, mnaulowesha upya. Hizi hata injini ya mtumba ingezihitaji. Gasketi na valvu zinunuliwe baadaye, hedi ikishafunguliwa na idadi kujulikana. Nunueni wenyewe, mmoja wenu aende dukani. Hapo ndipo bei za mafundi huvimba.

Siku ya kufungua hedi, mmoja awepo. Mwombe fundi akuonyeshe kila valvu iliyotoka, na zote zibaki kwako kwenye boksi, hata mbovu. Muulize swali moja: ana spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza? Boliti za hedi hukazwa kwa mpangilio na kwa kipimo, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayekaza kwa nguvu ya mkono na uzoefu, mshukuru umtafute mwingine. Injini ikishafungwa izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla stata haijaguswa, alama zirudi mahali pake. Oili na filta vibadilishwe siku hiyo, maana maji ya rejeta hudondokea ndani hedi ikinyanyuliwa, na mbadilishe tena baada ya kilomita kama 1,000.

Wasomaji wengine wenye magari ya zamani, tazameni injini yenu kabla hamjapatwa na hili. Corolla 110 yenye 5A-FE na RAV4 ya kwanza yenye 3S-FE zina mkanda, ila ukikatika kwa kawaida valvu hupona. Mtakwama njiani tu. Subaru nyingi zenye injini ya EJ hupinda valvu. Prado yenye 1KZ na Land Cruiser yenye 1HZ zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, na nimekuta fundi amechomoa glopu yake kwa sababu ilikuwa inamkera mwenye gari. Dizeli haina nafasi ya kusamehe, pistoni inafika juu kabisa. Ukinunua Prado ya mtu, washa swichi bila kuwasha injini uone kama taa hiyo inajitokeza. Isipojitokeza, hesabu mkanda kama haujabadilishwa.

Dada, kikomo changu kwenu ni 2,000,000, spea na ufundi pamoja. Mna 900,000 na kikoba kitaleta kama 1,200,000. Inatosha bila kugusa SACCOS. Hedi ikifunguliwa mkakuta pistoni ina ufa, au kuta za silinda zimechimbika, simamisheni kazi siku hiyohiyo, msiruhusu fundi aanze ovahoo nzima kwa kuongezea ongezea. Hapo nendeni kwenye injini ya mtumba yenye nyaraka. Kwa bei ulizonitajia, pamoja na mkanda wake mpya, itafika kama 2,850,000, kwa hiyo itabidi msubiri kidogo mkusanye. Bado mtakuwa mbele ya bei ya dalali.